Je, Wajua? Taa ya Oili Haipimi Wingi wa Oili

Kwenye dashibodi ya Hiace ya miaka ya 1990, au ya kombi ya Volkswagen iliyoizidi umri, kuna taa nyekundu yenye mchoro wa kopo la mdomo mrefu linalodondosha tone moja. Dereva huiona kila asubuhi anapofungua swichi. Injini ikishawaka, taa inazimika, naye anaendelea na safari zake. Fundi aliyewahi kutoa krenki iliyolika anajua kwamba hakuna taa nyingine kwenye gari inayostahili kusikilizwa upesi kama hii. Na bado ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote.

Je, wajua kwamba taa hiyo haijui oili imebaki kiasi gani? Mchoro wa kopo huwafanya wengi waamini kuwa taa ikiwaka oili imepungua, na isipowaka oili inatosha. Kinachopimwa ni presha, yaani msukumo wa oili ndani ya njia zilizotobolewa kwenye bloku ya injini. Gari laweza kuwa na oili kamili na taa ikawaka, kwa sababu pampu imechoka au chekecheo lake limeziba. Gari jingine laweza kupungukiwa lita nzima na taa ikanyamaza, kwa sababu pampu bado inapata cha kuvuta. Wingi wa oili hupimwa kwa dipstiki peke yake, gari likiwa limesimama mahali tambarare na injini imezimwa dakika kadhaa ili oili ishuke.

Kuna dalili moja inayounganisha mambo haya mawili. Oili ikipungua sana, gari likikata kona kali, likifunga breki au likipanda mlima, oili yote hukimbilia upande mmoja wa sampo na pampu ikavuta hewa. Taa inachungulia kwa nukta moja kisha inazimika. Madereva wengi huona huo ni wasiwasi wa waya. Kabla ya kumwita fundi umeme, vuta dipstiki.

Je, wajua kwamba taa inapowaka presha huwa imeshakwisha, au karibu? Swichi za kawaida kwenye injini za Kijapani hufanya kazi kati ya bar 0.2 na 0.5. Linganisha na kinachotakiwa: kwa injini za dizeli za Toyota za familia ya L, zile 2L na 3L zilizobeba Hiace nyingi za Afrika Mashariki, kiwango cha kiwandani ni angalau kilo 0.3 kwa sentimita ya mraba injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, na kati ya kilo 2.5 na 6 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika. Kilo moja kwa sentimita ya mraba ni karibu sawa na bar moja. Basi gari likiwa barabara kuu, presha inaweza kushuka kutoka bar 4 hadi bar 1, hali ambayo beringi zinateseka, na taa isiseme neno. Ikiwaka katika mwendo huo, hakuna sababu ya kusema "nifike kituo kinachofuata". Weka gari pembeni salama na uzime injini. Abiria watapanda gari jingine. Krenki haibadilishwi kando ya barabara.

Je, wajua kwamba swichi ya oili ina waya mmoja tu? Waya wa pili ni injini yenyewe. Umeme unatoka kwenye taa, unapita kwenye waya, unaingia kwenye swichi na kumalizikia kwenye bodi ya injini. Injini ikiwa imezimwa, swichi imefunga, yaani imeunganisha njia ya umeme, na taa inawaka. Presha ikipanda, utando mdogo ndani ya swichi unasukumwa, njia inakatika na taa inazimika. Ubunifu huu ni rahisi na wa bei nafuu, lakini una kasoro ambayo kila mwenye gari la zamani anapaswa kuijua: waya ukichomoka au ukikatika, taa haiwaki kamwe. Gari linaonekana zima siku zote, hata siku presha itakapotoweka.

Upande wa pili, waya ukichubuka na kugusa chuma, taa inawaka moja kwa moja hata kama presha ni nzuri. Hiace za kizazi kile zina injini chini ya viti vya mbele. Joto limenaswa pale, na baada ya miaka ishirini ganda la waya linakuwa gumu na kupasuka. Ndiyo maana jambo la kwanza la kukagua ni waya, na swichi yenyewe hufuata.

Kutokana na muundo huo, majaribio mawili yanatosha kwa sehemu ya umeme, na hayahitaji kifaa chochote. Fungua swichi ya gari bila kuwasha injini. Taa isipowaka, chomoa waya kwenye swichi ya oili, ambayo mara nyingi iko karibu na filta, kisha uuguse kwenye chuma kisafi cha injini. Ikiwaka, swichi imekufa. Isipowaka, balbu, fyuzi au waya ndio wenye tatizo. Jaribio la pili ni la taa isiyozimika. Chomoa waya uuache ukining'inia bila kugusa kitu, huku injini imezimwa na swichi ya gari iko wazi. Taa ikiendelea kuwaka, waya unagusa bodi mahali fulani njiani. Ikizimika, waya ni mzima, na sasa imebaki ama swichi mbovu ama presha kweli haipo. Hapa ndipo wengi hununua swichi mpya na kuombea. Jibu sahihi ni geji, nami nitaifikia.

Wajerumani waliiona kasoro ya waya uliokatika wakatafuta dawa. Volkswagen T3 ni ile kombi yenye pembe kali iliyoanza kutengenezwa Hannover mwaka 1979, ikauzwa Marekani kwa jina la Vanagon, na kuendelea kutoka kwenye kiwanda cha Uitenhage, Afrika Kusini, hadi 2002. Injini za T3 zilikaa nyuma kabisa, mbali na masikio ya dereva, kwa hiyo kelele ya beringi inayogonga isingemfikia mapema. Je, wajua kwamba matoleo yake mengi ya injini ya kupozwa kwa maji yalifungwa swichi mbili za oili zenye tabia zinazopingana? Ya kwanza ni ya bar 0.3, ya kawaida: imefunga pasipo presha, inafunguka presha ikija. Ya pili ni ya bar 0.9 na inafanya kinyume: iko wazi pasipo presha, inafunga presha ikizidi kiwango hicho. Nyuma ya saa za dashibodi kuna kifaa kidogo kinachohesabu mizunguko ya injini. Ikipita takriban 2,000 kwa dakika na swichi ya pili haijafunga, taa inapepesa na baza inalia.

Uzuri wa mpango huo uko hapa: waya wa swichi ya pili ukikatika, mfumo unapiga kelele. Hitilafu inajitangaza yenyewe. Lakini hapo hapo umezaliwa usumbufu ambao wenye kombi hizi wanaujua vizuri, kwa sababu waya huo unapita chini ya gari kwenye matope, mawe na oili, na baza hulia kwa sababu ya plagi yenye kutu tu. Kwa hiyo kelele inayoanzia mizunguko 2,000 na kwenda juu huanza kutafutwa kwenye waya na plagi ya swichi ya bar 0.9, halafu kwenye saketi nyembamba ya plastiki iliyo nyuma ya dashibodi na mahali inaposhikia bodi. Yote yakiwa safi, geji ndiyo inayoamua. Kiwango cha Volkswagen kwa injini hiyo ni angalau bar 2 kwenye mizunguko 2,000, oili ikiwa na nyuzi 80 za Selsiasi. Anayekata waya wa baza ili asafiri kwa utulivu amejirudishia ile kasoro ambayo wahandisi waliifanyia kazi kuiondoa.

Na mshale je? Wengi husema bora gari lenye geji ya presha kuliko lenye taa. Ni kweli, kama geji ni ya kweli. Magari mengi ya Ford ya Marekani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, yakiwemo mabasi madogo ya Econoline, yana mshale wa oili unaoongozwa na swichi ya kawaida na kizuizi cha umeme chenye kipimo kisichobadilika. Presha ikizidi psi chache tu, mshale unapanda katikati na kukaa hapo, iwe presha ni psi 10 au 60. Anayeutazama anadhani anapimiwa, kumbe anatazama taa iliyovaa umbo la mshale. Mshale usiotikisika hata kidogo kati ya injini ya baridi na ya moto unastahili kutiliwa shaka.

Je, wajua kwamba pampu ya oili haitengenezi presha? Pampu husukuma mtiririko tu. Presha inazaliwa kwa sababu oili inazuiwa kupita kwa urahisi, kama maji kwenye mpira wa bustani unapobana mdomo wake kwa kidole. Kwenye injini, kidole hicho ni mwanya mwembamba kati ya krenki na beringi zake. Beringi zikilika, mwanya unapanuka, oili inamwagikia pembeni na presha inashuka, ingawa pampu ni mpya kabisa. Ndiyo maana kubadilisha pampu kwenye injini iliyochoka mara nyingi hakubadilishi kitu.

Kisa kizuri kuliko vyote kuhusu oili na chuma ni cha mwaka 1883. Mhandisi Mwingereza Beauchamp Tower alikuwa akipima beringi za ekseli za reli kwa ajili ya Taasisi ya Wahandisi Mitambo ya Uingereza. Alitoboa tundu juu ya beringi ili oili iingie kutoka juu. Ekseli ilipozunguka, oili ikapanda na kutoka kwenye tundu lile lile. Akaziba kwa kizibo, kikasukumwa nje. Akagongomea kipande cha mbao, nacho kikatoka polepole. Alipofunga geji, mshale ulipita psi 200, ilhali uzito uliolemea beringi ulikuwa wastani wa psi 100 tu. Chuma kinachozunguka kilikuwa kikijivutia oili chenyewe na kujinyanyua juu ya utando wa oili hiyo. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1886, Osborne Reynolds alitoa hesabu inayoeleza jambo hilo, na mpaka leo beringi za injini hubuniwa kwa msingi wake.

Kutoka kwa Tower tunajua kwamba bar 3 au 4 za pampu siyo zinazobeba krenki. Ndani ya utando, mlipuko unaposukuma pistoni, presha hufika mamia ya bar. Kazi ya pampu ni kuhakikisha utando huo haukosi oili hata kidogo, nao una unene wa sehemu chache tu za elfu za milimita. Ukikosa, chuma kinagusa chuma, joto linapanda, beringi inashika krenki, na hapo ndipo watu husema injini imenoki.

Kulikuwa na gari lililoishi bila haya yote. Ford Model T, iliyotengenezwa kati ya 1908 na 1927, haikuwa na pampu ya oili wala taa wala mshale. Gurudumu zito la injini lilirusha oili, nyingine ikateremka kwa bomba hadi mbele. Dereva alipima wingi kwa kufungua vibomba viwili vidogo chini ya gari. Injini ile ilizunguka polepole. Ya Hiace isingestahimili hata safari moja.

Je, wajua kwa nini taa hupepesa jioni na siyo asubuhi? Oili ya 15W-40 ikiwa na joto la nyuzi 40 ina mnato wa sentistoksi 100 hivi. Ikifika nyuzi 100, kanuni za SAE zinataka ibaki kati ya 12.5 na 16.3. Imekuwa nyepesi takriban mara saba. Basi injini yenye beringi zilizolegea inaweza kuonyesha presha nzuri asubuhi, na baada ya safari ndefu, gari likiwa kwenye foleni, taa ikaanza kupepesa na kuzimika kila ukikanyaga mafuta. Hiyo ndiyo sura halisi ya uchakavu. Dawa ya haraka ya wengi ni kumimina oili nzito zaidi, au zile chupa za dawa za kunenepesha oili. Taa hunyamaza kweli. Sikubaliani na dawa hiyo kwa gari linalobeba watu: mwanya uko pale pale, na oili nzito inachelewa kufika juu ya injini asubuhi. Nusa dipstiki pia. Oili ikinuka petroli au dizeli, na kiwango chake kimepanda badala ya kushuka, mafuta yanavujia ndani, labda kwa nozeli inayodondosha, na hakuna oili nzito itakayotibu hilo.

Sababu nyingine mbili zinatokana na mikono yetu na barabara zetu. Ya kwanza ni silikoni. Fundi akifunga sampo kwa kupaka silikoni nyingi, inayobinywa kwa nje huonekana na kufutwa, ila inayobinywa kwa ndani hubaki. Vipande vyake hukatika, huelea na kunaswa kwenye chekecheo la pampu. Taa inayoanza kuwaka wiki chache baada ya sampo kufunguliwa ina mtuhumiwa wa kwanza. Ya pili ni jiwe. Sampo ikibonyea bila kutoboka, hakuna tone linalodondoka na dereva anashukuru. Lakini chuma kilichobonyea kinaweza kuukaribia mdomo wa chekecheo na kuubana, pampu ikakosa nafasi ya kuvuta. Sampo iliyobonyea ifunguliwe ikaguliwe, hata kama haivuji.

Wenye Hiace za dizeli wana jambo lao la pekee. Je, wajua kwamba alternata za injini nyingi za familia ya L hubeba mgongoni pampu ya vakyumu inayosaidia breki, na kwamba pampu hiyo hulainishwa kwa oili ya injini kupitia mpira wake? Mpira huo ukipasuka, injini inaitema oili yake barabarani kwa kasi. Sili ya pampu ikichoka, oili inaingia kwenye alternata na chaji inasumbua. Alternata iliyolowa oili, kanyagio la breki lililoanza kuwa gumu na kiwango cha oili kinachoshuka ni dalili zinazotazamwa pamoja. Mpira huo ni wa bei ndogo, na kwenye gari la umri huu ni bora ubadilishwe kabla haujadai.

Swichi yenyewe huvuja pia. Utando wake ukitoboka, oili hupenya ndani na kutokea kwenye plagi, ikatambaa juu ya waya. Chomoa plagi utazame: ikiwa imelowa oili ndani, swichi ibadilishwe bila mjadala.

Lakini angalia unachonunua. Swichi ya Kijapani ina uzi wa thumni ya inchi wenye meno 28 kwa inchi. Ile ya Kimarekani inafanana nayo kwa macho, ila ina meno 27. Inaingia raundi mbili tatu vizuri kisha inakaza, na fundi mwenye nguvu anaendelea hadi anapasua nyumba yake au kuharibu uzi. Volkswagen hutumia uzi wa milimita 10. Swichi ya taa na sensa ya mshale nazo hazibadilishani: ya kwanza hufunga na kufungua tu, ya pili hubadilisha ukinzani wake kadiri presha inavyopanda. Na usizungushie tepe nyeupe ya bomba kwa wingi. Uzi wa swichi ya Kijapani ni wa mchongoko, huziba kadiri unavyokazwa; tepe nyingi inaweza kuzuia umeme kufika kwenye bodi, na kipande chake kikikatika kinaingia kwenye njia ya oili.

Sasa geji. Toa swichi ya oili, funga mahali pake geji ya mkono yenye uzi sahihi, washa injini hadi ipate joto kamili, kisha soma mshale bila kukanyaga mafuta na tena kwenye mizunguko inayotajwa na kitabu cha gari. Kazi hii haimalizi saa moja, na gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kufungua injini. Presha ikiwa nzuri, nunua swichi mpya kwa amani. Ikiwa mbaya, usiwashe tena mpaka sababu ipatikane. Fundi anayetaka kubadilisha swichi kwanza bila kupima, mwombe geji. Kama hana, tafuta mwenye nayo.

Na wewe unayekwenda kununua Hiace au kombi ya mkono wa pili: kabla muuzaji hajawasha injini, omba ufunguo, fungua swichi tu, na utazame dashibodi. Taa nyekundu ya oili lazima iwake. Isipowaka, balbu imetolewa, waya umekatwa au swichi imekufa, na huwezi kujua tangu lini injini hiyo inatembea bila mlinzi. Washa ipate joto, iache ingurume dakika kumi na tano, utazame tena. Usitoe pesa mpaka taa iwake inapopaswa kuwaka, izimike inapopaswa kuzimika, na geji ithibitishe.